Presha Sugu na Mashine ya Figo: Je, Faida Inalingana na Gharama?

  Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kwenye matatu, mwombe dereva aongeze sauti. Leo tuna jambo linalogusa afya na mfuko pia.

Siku hizi watu wengi wanasikia kwamba kuna mashine inayotibu presha iliyokataa dawa. Wengine wamesoma gazetini, wengine wameambiwa na jamaa walio ng'ambo. Kisha familia inaketi chini na kuanza kuulizana: Je, tuuze ng'ombe? Tuite harambee? Tumpeleke mzee India? Kabla hamjafanya hivyo, nisikilizeni. Nitaeleza mashine hiyo inafanya nini, inashusha presha kwa kiasi gani, na jinsi ya kupima kama faida yake inalingana na pesa itakayokula.

PRESHA SUGU NI NINI?

Tuanze na msingi. Presha ina vipimo viwili. Kipimo cha juu ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Kipimo cha chini ni nguvu ya damu wakati moyo unapumzika. Ukipimwa mara kwa mara kwa siku tofauti na kupatikana na 140 kwa 90 au zaidi, una presha ya juu.

Presha huitwa sugu pale mgonjwa anapomeza dawa za aina tatu tofauti, moja ikiwa dawa ya kupunguza maji mwilini, kila moja kwa kiwango kinachofaa, na bado presha haishuki inavyotakiwa. Angalia maneno hayo vizuri. Nimesema aina tatu, kwa kiwango kinachofaa, na mgonjwa awe anazimeza kweli. Mtu anayemeza kidonge kimoja leo na kuruka siku tatu hana presha sugu. Ana presha ambayo bado haijatibiwa.

MASHINE HII INAFANYAJE KAZI?

Figo zetu huunganishwa na ubongo kwa neva, yaani nyuzi ndogo za fahamu. Neva hizo hupita kando ya mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa watu wengine wenye presha neva hizi huwa zinapiga kelele kupita kiasi. Zinaiambia figo izuie chumvi na maji, na kuiambia mishipa ya damu ijikaze. Presha inapanda.

Katika matibabu haya daktari bingwa hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa damu pale kwenye kinena, akauongoza mpaka kwenye mshipa wa figo. Ncha ya mpira ule hutoa joto, ama kwa mawimbi ya redio ama kwa mawimbi ya sauti ambayo masikio hayawezi kuyasikia. Joto hilo huunguza zile neva ili zipunguze kelele. Kisha mpira hutolewa. Hakuna chombo kinachobaki mwilini.

Kazi hii haifanyiki dispensari. Inahitaji chumba maalum chenye eksirei ya kuangalia mishipa, daktari aliyefunzwa, na vifaa ambavyo hutumika mara moja na kutupwa. Ndiyo maana bei yake ni kubwa. Hatari zake kwa kawaida ni chache, lakini zipo: kuvuja damu au kuvimba pale kinenani, na mara chache mshipa kuumia. Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni hili: wagonjwa wengi huendelea kumeza dawa hata baada ya matibabu hayo.

INASHUSHA PRESHA KWA KIASI GANI?

Hapa pana historia yenye funzo. Mwaka wa 2009 madaktari wakiongozwa na Henry Krum wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya kwanza ya matibabu haya kwa wagonjwa wa presha sugu. Mwaka uliofuata, 2010, utafiti wa pili wa wagonjwa 106 ulionyesha kwamba waliotibiwa kipimo chao cha juu kilishuka kwa pointi 32 katika miezi sita, huku wale ambao hawakutibiwa wakibaki pale pale. Pointi 32! Mtu wa 178 anashuka hadi 146. Watu wakashangilia.

Lakini palikuwa na kasoro. Kila mgonjwa alijua kama ametibiwa au la. Na mtu anayejua ametibiwa hubadilika. Anapata moyo, anameza dawa zake vizuri, anapunguza chumvi, na anapopimwa hana wasiwasi.

Kwa hiyo watafiti wa Marekani wakafanya utafiti mkubwa zaidi wa watu 535, wakatoa matokeo mwaka wa 2014. Safari hii wagonjwa wote walilazwa na kuingizwa mpira, lakini wengine hawakuunguzwa neva. Ilikuwa matibabu ya kuigiza, na mgonjwa hakujua yuko kundi gani. Baada ya miezi sita, waliotibiwa kweli walishuka kwa pointi 14 hivi. Na wale wa kuigiza je? Walishuka kwa pointi 12 hivi. Tofauti ilikuwa kama pointi 2 tu, na haikutosha kuthibitisha kwamba mashine imefanya kazi.

Wengi walidhani habari imeishia hapo. Lakini vifaa vikaboreshwa, madaktari wakajifunza kuunguza neva kwa ukamilifu zaidi, na tafiti mpya zenye kundi la kuigiza zikafanywa. Kufikia 2020 na 2021 ilionekana wazi kwamba mashine inashusha presha kikweli, lakini kwa kiasi cha wastani: takriban pointi 4 hadi 6 zaidi ya kuigiza. Mwezi wa Novemba 2023 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani iliidhinisha mashine za aina mbili, moja ya mawimbi ya sauti na nyingine ya mawimbi ya redio. Nao madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2024, walisema inaweza kufikiriwa kwa mtu mwenye presha sugu, lakini isiwe tiba ya kwanza.

Msikilizaji, usidharau pointi 5. Mwaka wa 2021 watafiti walikusanya tafiti za watu zaidi ya 344,000 wanaotumia dawa za presha. Waligundua kwamba kila pointi 5 zinazoshuka katika kipimo cha juu hupunguza hatari ya kiharusi, moyo kushindwa na magonjwa mengine makubwa ya moyo kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo mashine ina faida. Swali letu la leo ni faida hiyo inanunuliwa kwa bei gani, na kama kuna mahali pengine inapouzwa kwa bei nafuu.

KUPIMA FAIDA NA GHARAMA

Wataalamu wa uchumi wa afya hufanya hesabu ambayo mama yeyote wa nyumbani anaielewa. Paa lako linavuja. Fundi mmoja anasema ubadilishe mabati yote. Mwingine anasema uzibe misumari mitatu. Huulizi tu ni nani mwenye bei ya chini. Unauliza nikilipa zaidi, nitapata nini zaidi?

Katika afya, kile kinachonunuliwa huhesabiwa kwa miaka ya maisha yenye afya njema. Mwaka mmoja wa kutembea, kulima na kujihudumia ni mwaka mzima. Mwaka wa kulala kitandani kwa sababu ya kiharusi ni sehemu tu ya mwaka. Wataalamu huchukua gharama ya ziada ya tiba mpya, wakatoa pesa zitakazookolewa kwa kuepuka kiharusi na kulazwa, kisha wakagawanya kwa miaka ya afya iliyoongezeka. Jibu ni bei ya mwaka mmoja wa afya njema.

Mwaka wa 2012 hesabu kama hiyo ilifanywa Marekani kuhusu mashine hii. Jibu lilikuwa dola 3,071 kwa kila mwaka wa afya njema. Kwa nchi kama Marekani hiyo ni bei rahisi sana. Lakini hesabu hiyo ilitegemea matokeo ya utafiti wa 2010, zile pointi 32. Miaka miwili baadaye pointi 32 ziligeuka kuwa 2. Hesabu iliyofanywa kwa makini ilikuwa imejengwa juu ya mchanga.

Hili ndilo funzo la kwanza la leo. Bei ya faida hubadilika kulingana na faida yenyewe. Mashine ni ile ile, bili ni ile ile, lakini presha ikishuka kidogo kuliko ilivyodhaniwa, kila mwaka wa afya unakuwa ghali zaidi.

Tuwe wa haki pia. Hesabu mpya zilizofanywa Uingereza kwa kutumia tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba kule mashine inaweza kustahili bei yake. Kwa miaka mingi Uingereza ilikubali kulipa kati ya paundi 20,000 na 30,000 kwa mwaka mmoja wa afya njema, na mashine iliingia ndani ya mpaka huo. Lakini paundi 20,000 ni mamilioni ya shilingi zetu. Tena kule mgonjwa wa kiharusi hutunzwa kwa gharama kubwa ya serikali, kwa hiyo kuzuia kiharusi kimoja kunaokoa pesa nyingi. Kitu kinachostahili bei London si lazima kistahili bei Busia au Kitui. Mfuko ni tofauti, na mambo yaliyobaki kufanywa ni tofauti.

MISUMARI MITATU YA KUZIBA KWANZA

Sasa tuangalie yale yanayoweza kushusha presha kwa pesa kidogo kabla ya kufikiria mabati mapya.

Msumari wa kwanza ni kupima vizuri. Mwaka wa 2023 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mtu mwenye mkono mnene anayehitaji mkanda mkubwa kabisa, akipimwa kwa mkanda wa kawaida, kipimo chake cha juu huonekana kimepanda kwa karibu pointi 20 zaidi ya ukweli. Pointi 20, msikilizaji! Hiyo ni mara tatu au nne ya kile mashine inachoshusha. Mtu anaweza kuambiwa ana presha sugu kumbe sugu ni mkanda. Kwa hiyo kojoa kwanza, keti dakika tano umeegemea kiti, miguu ikae chini bila kupishana, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na usizungumze wakati wa kupimwa. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Uliza, bila kuona haya, "Sista, mkanda huu unanitosha?" Hatutakasirika.

Msumari wa pili ni dawa yenyewe na vitu vinavyoishinda. Je, unameza kila siku, au ukijisikia nafuu unaacha? Je, dawa zilikwisha mwisho wa mwezi ukangoja pesa? Mwambie daktari ukweli. Akidhani unameza, atakuongezea dawa ambazo huhitaji. Tazama pia dawa za maumivu. Wazee wetu wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti na mgongo, na dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo. Pombe nyingi hupandisha. Chumvi nayo hupandisha: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tukihesabu ile ya kwenye sufuria, ya mezani na ya viungo vya pakiti. Anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana amwambie daktari, maana kukatika pumzi usingizini ni chanzo kingine cha presha isiyoshuka.

Msumari wa tatu ni dawa ya nne. Mwaka wa 2015 watafiti wa Uingereza waliwapa wagonjwa wa presha sugu dawa ya zamani iitwayo spironolaktoni juu ya dawa zao tatu. Kipimo cha juu, kikipimwa nyumbani, kilishuka kwa pointi 8.7 zaidi ya kidonge kisicho na dawa. Kidonge cha zamani, cha bei ya chini, kinashusha presha kwa kiasi kinacholingana na mashine au kuizidi. Lakini usiende kununua mwenyewe kwenye duka la dawa. Dawa hii inaweza kupandisha madini ya potasiamu kwenye damu mpaka moyo ukapata matatizo, kwa hiyo lazima damu na figo zipimwe kabla na baada. Wanaume wengine huvimba matiti. Mama mjamzito asiitumie.

Na hapa kwetu Afrika kuna ushahidi. Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini. Wagonjwa ambao presha yao ilikuwa haijadhibitiwa walipimwa homoni mbili za damu, renini na aldosteroni, ili kujua presha inatoka wapi, kisha dawa ikachaguliwa kufuatana na majibu. Waliochaguliwa dawa kwa njia hiyo walidhibitiwa vizuri zaidi kuliko waliotibiwa kwa mazoea.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukua mfano huu. Nauita mfano, bei hizi ni za kueleza tu. Mama wa miaka 58 ana presha ya 164 kwa 96 akiwa na dawa tatu. Tuseme mashine itagharimu shilingi 1,000,000 pamoja na safari na kulazwa. Itamshusha pointi 5 hivi, na bado atameza dawa.

Sasa tuseme kidonge cha nne kinagharimu shilingi 20 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 7,300. Ongeza shilingi 6,000 za kupima damu na figo kila mwaka. Jumla ni shilingi 13,300. Kwa miaka 20 ni shilingi 266,000, tena zinalipwa polepole. Na atashuka pointi 8 hivi. Shilingi chache, pointi nyingi. Katika hesabu hiyo mashine haiwezi kuwa ya kwanza.

Lakini tuseme mama huyo amepimwa kwa mkanda unaofaa, anameza dawa zote, chumvi amepunguza, vyanzo vingine vimechunguzwa, na dawa ya nne imemdhuru au imeshindwa. Sasa mashine hailinganishwi tena na kidonge. Inalinganishwa na kuendelea kuishi na 160, huku kiharusi kikimnyemelea. Hapo hesabu inabadilika, na kama ana uwezo au ana bima itakayolipa, ni haki yake kuzungumza na daktari bingwa kuhusu mashine. Ina faida moja kubwa: inafanywa mara moja, haitegemei kukumbuka kidonge, na wagonjwa waliofuatiliwa miaka mitatu presha yao ilikuwa bado iko chini.

Ndiyo maana nasema mpangilio ni muhimu kuliko mashine. Tiba ile ile inaweza kuwa upotevu kwa mgonjwa mmoja na msaada kwa mwingine.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba mzee wako anahitaji mashine, mwulize haya:

Kwanza, presha hii imethibitishwa kwa kupimwa nyumbani au kwa saa 24, au ni ya kliniki tu?

Pili, dawa ya nne imejaribiwa? Kama la, kwa nini?

Tatu, figo na homoni zimechunguzwa? Figo zilizodhoofika sana hazifai kwa matibabu haya.

Nne, unatarajia presha ishuke kwa pointi ngapi, na ataacha dawa? Akikuahidi kwamba ataacha dawa zote, shika mkoba wako vizuri.

Tano, gharama yote ni ngapi, pamoja na kulazwa, safari na kurudi kuonwa? Na bima italipa kiasi gani? Kumbuka NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Uliza ofisi yao au hospitali kabla ya kulipa, na kama hujajisajili, jisajili.

TATIZO LETU KUBWA LIKO WAPI?

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani. Fikiria hilo. Shilingi milioni moja za mfano wetu, zikitumika kwa mtu mmoja, humshusha pointi 5. Zikinunua vipima presha vyenye mikanda ya saizi zote na dawa za kawaida kwa ajili ya kijiji kizima, zitawafikia watu wengi ambao kiharusi chao cha kwanza ndicho kingekuwa kipimo chao cha kwanza. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye kipima presha. Akibisha hodi kwako, mfungulie, keti vizuri, upimwe.

Na kama unatumia dawa na unaona mdomo unapinda, mkono au mguu upande mmoja unalegea, maneno hayatoki, kifua kinabana, au kichwa kinauma ghafla kuliko siku zote, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wiki hii nawaachia kazi moja. Toa dawa zote za mzee wenu, za presha na za maumivu, za hospitali na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja, na mwende nazo kliniki. Mwambieni daktari au muuguzi azitazame moja moja. Kazi hiyo haina malipo, na familia nyingi zitagundua hapo kwamba ng'ombe hahitaji kuuzwa.

 Wiki ijayo tutazungumza kuhusu kupunguza chumvi bila kuharibu ladha ya chakula. Mpaka wakati huo, mezeni dawa zenu, na kwaherini.